Mifuko kumi ya sukari

Mwezi wa Julai 2017 sukari yote iliisha mezani kwangu, katika soko la Kadutu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Jioni ile nilichora mstari mwekundu kwenye daftari, nikaandika chini yake: FAIDA 56,250. Nilikuwa na diploma ya serikali ya sekisheni ya biashara, kwa hiyo nilijiamini. Bei ya kuuzia toa bei ya kununulia, kinachobaki ni chako.

Mwanzoni mwa Juni nilikuwa nimenunua mifuko 10 ya kilo 50, kila mmoja dola 40. Siku hiyo dola ilikuwa franka 1,400, nikaandika 560,000. Kilo niliiuza 1,250. Kilo saba zilipotea, nyingine zikimwagika wakati wa kupima, nyingine tukizinywa na chai nyumbani. Zilizobaki zilileta 616,250.

Mtaji wenyewe haukuwa wangu. Zile dola 400 zilikuwa zamu ya Mama Mkubwa katika likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Yeye ameuza mawese Kadutu tangu sijaanza shule.

Kesho yake nilipeleka franka kwa kambisti, yule anayebadilisha pesa: noti za 500, vifurushi kumi na viwili vilivyofungwa kwa raba, na noti nyingine juu yake. Alizihesabu kwa kidole gumba bila haraka, kisha akanisogezea dola 397. Dola ilikuwa imefika 1,550. Nilimwomba ahesabu tena. Akahesabu tena. Zikawa 397.

Depo walikuwa bado wanauza mfuko dola 40. Nilisimama pale na pesa za mifuko tisa na dola 37 zisizotosha wa kumi.

Mama Mkubwa hakutaka kuona daftari.

“Uliingiza mifuko mingapi?”

“Kumi, Mama.”

“Na leo unaweza kurudisha mingapi?”

“Tisa.”

“Sasa faida iko wapi, mwanangu?”

Na hapo hakuwa amegusa ushuru wa meza, wala kijana aliyenibebea mifuko kupanda kile kilima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba katikati ya Juni majirani zangu walikuwa wamepandisha kilo hadi 1,400, mimi nikakataa. Sukari yangu niliinunua kwa bei ya zamani. Kupandisha niliona ni kuwanyonya watu. Wateja walijaa mezani wakinibariki. Hadi leo sioni ubaya katika nia ile. Lakini kwa dola ya 1,550, mfuko wa kurudisha ulinidai franka 62,000, yaani 1,240 kwa kilo. Kwa hiyo siku za mwisho kila kilo iliniachia franka 10. Daftari halikudanganya. Lilipima kwa franka, na franka yenyewe ilikuwa inayeyuka: mwanzoni mwa 2016 dola ilikuwa karibu 930. Bei ya shaba, ambayo nchi yetu huiuza nje na kupata dola, ilikuwa imeanguka duniani, dola zikaadimika nchini, na sisi tulioketi mbali kabisa na migodi ya Katanga tukalipa kwenye sukari. Shuleni bei ya kununulia tuliiandika mara moja, ikakaa palepale hadi mwisho wa zoezi.

Mama Mkubwa alifungua fundo la kitenge chake, akatoa dola tatu. “Hili ni deni. Liandike.” Nikaliandika. Kisha nikachora safu mbili mpya: dola ya leo, na mifuko ninayoweza kurudisha leo.

Jumamosi niliandika 1,400 kwa kaa la moto lililozimika, juu ya kipande cha katoni. Mwalimu mmoja aliyezoea kuchukua kilo nzima kila wiki aliisoma, akanyamaza kidogo, akaomba nusu. Nilimpimia taratibu, nikaongeza punje hadi mizani ikalala upande wake.