Saisi (mtunza farasi) wa Karen, Nairobi: kipima joto kwanza, brashi baadaye

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya nyasi na kabla ya ufagio, joto. Kipima joto huingia njia ya haja kubwa, kimefungwa uzi wenye kibanio cha nguo kilichobanwa kwenye singa za mkia, maana kikivutwa ndani ni kazi nyingine. Farasi mzima husoma 37.5 hadi 38.5.

Saa moja, kwato. Pakinuka na kutoka uchafu mweusi, maranda ya kulalia yamelowa tangu jana. Ukikuta msumari, mwite daktari apige eksirei kabla haujang'olewa, aone umefika wapi, na uliza chanjo ya pepopunda ilidungwa lini.

Saa nne linaingia lori na farasi mpya. Mwenyewe anashuka garini na buti zinazong'aa.

"Kijana, mwachilie na wenzake. Si unamwona anavyokula?"

"Namwona, madam. Lakini huyu atakaa kule nyuma wiki tatu."

Hapo nusu saa ikapotea. Tunachoogopa ni stranglesi, ugonjwa wa bakteria unaovimbisha matezi chini ya taya mpaka yapasuke usaha. Huchukua siku 3 hadi 14 kujitokeza. Na aliyewahi kuugua akapona anaweza kubaki na vijidudu kwenye vifuko vya koo miezi mingi, huku anang'aa kama huyu. Kwa hiyo ndoo yake, kamba yake na lijamu yake zina utepe mwekundu. Anahudumiwa wa mwisho, kisha gambuti na ovaroli zinabaki hapo hapo. Joto mara mbili kwa siku, kwani homa hutangulia siku moja au mbili kabla hajaanza kuambukiza wengine. Madam alitaka kumpanda kesho na rafiki zake. Akaondoka amenuna.

Mchana ni ndoo tu. Sabuni na kusugua kwanza, suuza, ndipo jiki, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Ukiimwaga juu ya mavi inakufa nguvu, na bado kuna watu humwaga hivyo wakaenda kunywa chai. Mpira wa maji usiguse maji ya ndoo, maana huo ndio unaobeba mate ya huyu hadi kwa yule.

Jioni, sijui saa ngapi, mgeni anasoma 38.2. Mgongo unauma. Halafu naiona ndoo yenye utepe mwekundu mlangoni kwa jike wa banda la tatu, nusu imeshanywewa. Basi na jike naye aanze kupimwa mara mbili.