Mayai ya safura na hadubini yangu ya Tukuyu

Asubuhi za Juni hapa Tukuyu ukungu hutanda hata kwenye lenzi ya hadubini, nami huifuta kwanza kabla sijaanza kuhesabu mayai ya minyoo ya safura. Kipimo cha Kato-Katz huchukua miligramu 41.7 za kinyesi, na idadi ya mayai niliyoyaona huzidishwa kwa 24 ili kupata hesabu ya gramu moja. Sicheleweshi kamwe, kwa sababu gliserini inayotumika katika kipimo hicho kung'arisha kinyesi, ikikaa zaidi ya saa moja, huyafanya mayai ya safura yasionekane, na mgonjwa akaandikiwa kuwa mzima ilhali bado anao.

Aliyemeza albendazoli, dawa ya minyoo, ya miligramu 400 hupimwa tena kati ya siku ya 14 na ya 21. Shirika la Afya Duniani linataka mayai ya safura yawe yamepungua kwa asilimia 90 au zaidi. Yasipofikia hapo, naona si haki kuituhumu dawa papo hapo, maana huenda mtoto aliitema, au vidonge vyenyewe ni hafifu. Ndiyo maana nalithamini sana jaribio la kuangua mayai: mayai hai huwekwa katika thiabendazoli, dawa ya jamii moja na albendazoli, ya viwango mbalimbali, kisha tunahesabu mabuu yaliyotoka, na ya minyoo sugu huanguliwa hata katika kiwango ambacho kingewaua wenzao.