Nimerudi Ugogoni, na jioni ziko kwenye muheme

Watu wangu mbukwenyi. Mnaoniuliza kama nimerudi kweli au nimekuja likizo tu, nimerudi jamani, mizigo ishashuka, kitanda kishanunuliwa, mkataba wa kufundisha Kiswahili kule Huye kusini mwa Rwanda uliisha na sikuomba mwingine. Habari ya Dodoma ilivyobadilika siigusi sana maana kila mtu anaposti hayo hayo, mji wa serikali Mtumba, treni ya umeme toka Dar, bei za viwanja ambazo ukitajiwa unaomba urudiwe ukidhani hujasikia vizuri. Mi nataka kuongelea kijijini kwetu upande wa Chamwino, kwa mama mkubwa, ambako jioni wanawake wanakutana nyuma ya nyumba kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo.

Kwa wasiojua, kijiji chetu kiligombana. Haikufika kwenye taarifa ya habari ila kwetu ilitosha. Chanzo ni mbuga ya bondeni, zamani kiangazi ng'ombe wote walishuka kule, masika watu wanalima pembeni, na hakuna aliyekuwa na karatasi wala aliyeihitaji. Serikali iliposema 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, na 2018 mji ukawa jiji, ardhi ikaanza kunukia hela mpaka huku kwetu, wakaja watu na magari yao wakanunua kimya kimya, waliouza wakauza hata pasipo pao, ng'ombe wakakosa njia wakaingia kwenye uwele wa watu, na usiku mmoja mapanga yakatoka. Ng'ombe walikatwa. Mzee mmoja wa kitongoji cha juu akapoteza mkono, kijana mmoja wa bondeni akafungwa. Na wote hao ni Wagogo, wameoana, wamebatizana, wengine wamenyonya ziwa moja. Toka hapo watu wakaacha kuzikana. Mtu wa kijijini anajua uzito wa hilo neno, msiba unalia huku na jirani yako anapita zake na jembe begani kama hajasikia.

Sasa ngoma iliwarudishaje pamoja? Hapa ndo watu wa mjini nikiwasimulia wanataka niseme wazee walikaa wakaamua kutafuta amani. Hakuna kitu kama hicho. Kulikuwa na harusi. Mama mkubwa alikuwa na wapigaji wake wa juu, lakini wawili wameshafariki, mmoja kahamia kwa mwanae mjini, na ile ngoma kubwa hakuna aliyebaki anayeiweza, na mwenye mkono wa ile ngoma wilaya nzima anajulikana, ni mama mmoja wa bondeni, ambaye ndo mama wa yule kijana aliyefungwa. Mama mkubwa akatuma mtoto akamwite. Mwenye harusi akachukia, ndugu wakachukia, mama mkubwa akawaambia basi pigeni wenyewe au mkodi spika. Wakanyamaza. Yule mama akaja, akapiga, akala ugali na mlenda wake, akaondoka bila kuongea na mtu. Wiki iliyofuata akaja tena bila kuitwa.

Niliyoyakuta mimi ni haya. Kabla ya kuanza wanawasha moto mdogo wa majani makavu, ngoma zinazungushwa pale ngozi zikazwe na joto, maana ngozi iliyolala inatoa sauti ya ndoo. Yule mama wa bondeni anaokota kila ngoma, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, inayofaa anaiweka kulia, isiyofaa inarudi motoni. Mke wa yule mzee aliyekatwa mkono naye ni mpigaji, anapiga zile ndogo za kubana kati ya mapaja. Siku ya kwanza niliyokaa pale nilikuwa nawaangalia hao wawili tu, nikisubiri sijui nini, machozi labda, au matusi. Yule wa bondeni kamkabidhi mwenzie ngoma, akamwambia, "Mama, hii bado, ipashe upande huu." Mwenzie kaipasha. Basi. Hayo ndo maongezi yote niliyoyasikia jioni nzima, na kisha filimbi ikalia wakaanza.

Na kama hujawahi kusikia muheme kwa karibu, hujui kwa nini hilo ni kubwa. Mmoja peke yake hatoi muheme. Huyu anatupa pigo lake, yule anaingia katikati pale mwenzie alipoacha nafasi, ngoma kubwa inawaita wote, mabega na shanga za wachezaji zinajibu, ukiingia mapema umeharibu, ukichelewa umeharibu, kwa hiyo huna budi kumsikiliza mtu ambaye mwaka mzima umekuwa ukizungusha njia ili usikutane naye kisimani. Mwili unafanya kwanza, moyo utajijua baadaye. Mi naona siri yote iko hapo, na wala haitaki hotuba.

Haya mambo nilianza kuyafikiria kulekule Huye. Kule kuna kundi la wanawake linaitwa Ingoma Nshya, lilianzishwa 2004 na Odile Gakire Katese, wengi wanamwita Kiki, mtu wa tamthilia, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Humo ndani kuna wajane na yatima wa waliouawa, na kuna wake na mabinti wa watu walioua. Na ujue Rwanda mwanamke kupiga ngoma ilikuwa mwiko, ngoma zilikuwa za wanaume na za mfalme. Kwa hiyo wale wote walianza wakiwa hawajui kitu, mjane hajui, mke wa mfungwa hajui, wote wanachekwa na mtaa kwa pamoja, na kuchekwa pamoja nako kunaunganisha watu jamani tusidharau. 2010 wakafungua na duka la aiskrimu hapohapo mjini, Inzozi Nziza, wakapata na kazi. Miaka hiyohiyo mahakama za kijijini za gacaca zilikuwa zinakaa, zikafungwa 2012, kule ndo watu waliulizwa nani alimuua nani na mwili uko wapi. Kwenye ngoma hakuna aliyeuliza. Nadhani nchi ile ilihitaji pahali pa kuuliza na pahali pa kutokuulizwa, na watu wanasahau hiki cha pili.

Wenzetu walivunja mwiko ndo wakazipata ngoma. Sisi mama zetu muheme ni wao toka enzi, na tumeuacha uwe wa kupokelea wageni wa serikali, unapiga juani saa nne mgeni anashuka anapunga mkono anapita. Inaniuma hiyo.

Maana bibi zetu walijua kazi nyingine ya ngoma. Ugonjwa ukiingia kwenye ng'ombe, wanawake walikuwa wanavaa nguo za wanaume, wanashika fimbo na mikuki, wanacheza kwa fujo wakiufukuza ule upepo mbaya mpaka nje ya mpaka, wanaume wamekaa pembeni hawana sauti. Bibi yangu aliyekuwa akisimulia hayo ndo alikuwa pia akituimbia ya njaa ya Mtunya, ambayo na yeye aliikuta kwa mama yake, ile ya wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani wakakomba ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza wakaingia 1916 nao wakaendelea kukomba, mvua zikagoma, Ugogo ikapukutika watu maelfu kwa maelfu. Aliimba huku anatwanga, halafu anasema leteni ungo.

Nyimbo za sasa hivi za mama mkubwa nazo hazitaji mtu. Kuna mmoja unamwimba ng'ombe, nikiuweka kwa Kiswahili ni kama, ng'ombe nionyeshe karatasi yako, nani alikusainia upite hapa. Watu wa juu wanacheka, wa bondeni wanacheka, na aliyeuza mbuga akiwa amesimama pale naye inabidi acheke, ila anacheka vibaya.

Kabla sijarudi kuna shirika lilikuja na tenti, kipaza sauti na fulana. Wakaleta igizo, mkulima na mfugaji wanagombana, anatokea msomi anawapatanisha, wanakumbatiana. Wakawaita mbele na watu wawili wa kweli wakumbatiane wapigwe picha. Wakakumbatiana bana, posho ilikuwa mkononi! Wakarudi kila mtu kwa njia yake. Simlaumu msanii, kijana wa watu katafuta riziki. Ila ukimwambia mtu mwisho wa igizo kabla hajaanza kulicheza, yeye anabaki na nini cha kufanya?

Halafu nisiwadanganye. Mpaka wa mbuga haujulikani hadi leo, kesi iko baraza la ardhi inapigwa tarehe tu. Mzee wa mkono hajawahi kuja hata jioni moja, mkewe akitoka na ngoma yake anageukia ukutani, na sioni kwa nini alazimishwe, mkono ni wake. Nilimuuliza mama mkubwa kama anaona ngoma imeponya kijiji akaniangalia kama mtoto aliyeuliza upuuzi, akasema, "Mwanangu, ngoma haigawi ardhi." Akaendelea kuchambua mlenda. Lakini mwezi uliopita kitongoji cha juu kulikuwa na msiba, na wanawake wa bondeni walikuja na kuni na maji, wakalala matanga. Wanaume wao walisimama barabarani, wachache wakaingia.

Sasa hivi ugomvi uliopo ni wa khanga. Wanataka kwenda kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Kigogo, pale Chamwino, lile alilolianzisha Dkt. Kedmon Mapana 2009 kabla hajawa bosi wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na wa juu wanataka khanga nyekundu, wa bondeni wanataka bluu, na mimi kwa kuwa nimesoma nimefanywa katibu, kazi yangu ni kuandika majina na kutukanwa na pande zote. Nauli ya lori bado. Ngoma mbili zimepasuka, na fundi wa zamani macho hayaoni tena, kwa hiyo kama kuna mtu anamjua fundi wa muheme maeneo ya Mvumi au Bahi, anayewamba ngozi vizuri na asiyetupiga bei ya mjini, naomba aniambie mapema.