Kisima cha jioni, Archers Post

Bei ya gari la kuzunguka Hifadhi ya Samburu ilinivunja moyo: shilingi 15,000 za Kenya kwa siku, kiingilio mbali, na dereva hapunguzi hata mia. Kwa bahati njema, mwenye nyumba niliyolala (joto kali, chandarua hakuna) alinikutanisha na mama wa Kisamburu anayefuatilia punda milia wa Grevy kwa miguu.

Mimi ni mtu wa Simanjiro, Tanzania. Punda milia hututembelea kila mvua zikinyesha, wakitoka Hifadhi ya Tarangire. Hawa wa Samburu ni wengine kabisa: wakubwa, masikio mapana ya mviringo, milia myembamba iliyobanana, tumbo jeupe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa kama 15,000. Leo wamebaki takriban 3,000, wengi wao Kenya, wachache Ethiopia. Somalia wamekwisha. Ukame wa 2022 uliua 49, kwa hesabu ya serikali.

Tulifika jioni kwenye laga, yaani mto mkavu wa mchanga. Visima vya mchangani, mbuzi wakinyweshwa kwa zamu. Ng'ambo, chini ya migunga, jike na mtoto wake wamesimama.

"Wanangoja tuondoke, mwanangu," mama alisema. Mchana maji ni ya mifugo. Wao hunywa usiku, saa za simba. Na jike anayenyonyesha hawezi kukaa siku kadhaa bila maji kama wenzake. Akampiga picha ubavu wa kulia, maana milia ya kila mmoja ni yake peke yake, na ndivyo wanavyohesabiwa.

Mara mzee mmoja akaanza kuziba kisima chake kwa miba. Mama akamwendea. Walibishana kwa Kimaa, lugha ya Wasamburu na Wamasai, nami nakielewa. Mzee: hawa wanabomoa kingo, kesho nichimbe upya mimi na mgongo huu? Kwa kweli alikuwa na haki. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba, acha wazi. Alfajiri nitakuja tuchimbe wote." Mzee akakaa kimya kitambo, akaivuta miba pembeni.

Usiku niliwaza kwetu. Watu wa kijiji cha Terrat walikubali kutolima malisho ili nyumbu na punda milia wapate pa kuzalia, lakini visima vyetu navyo hufungwa kwa miba kila jioni.

Alfajiri kingo zilikuwa zimeporomoka, nyayo kubwa na ndogo zimejaa mchangani. Tulichimba watatu mpaka jua likachoma, na matatu ya Isiolo ikanipita.