Siku moja kazini: usalama wa wafanyakazi wa chuo kikuu, Goma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kazi inaanzia chini: shimo la mita ya maji, depo (ghala) iliyo chini ya maktaba, mtaro wa nyuma ya ukuta. Goma, mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya mawe ya volkano, na kwenye nyufa zake hutoka mazuku, hewa ya ukaa isiyo na rangi wala harufu. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo usiku usipokuwa na upepo hujaa mashimoni kama maji. Ndiyo maana hakuna anayeshuka depo kabla milango ya pande zote mbili haijaachwa wazi na kipimo cha hewa hiyo hakijapita, hata awe prof mwenye haraka ya vitabu vyake.

Kipimo hufungwa kwenye kamba na kuteremshwa hadi sakafuni. Ukikishika usawa wa kifua umejidanganya. Nusu ya asilimia moja ya hewa hiyo ndicho kikomo cha mtu kufanya kazi humo siku nzima. Kwenye asilimia 3 pumzi inakwenda mbio na kichwa kinauma. Ikikaribia 10 mtu anazimia ndani ya dakika chache. Mshumaa haufai, kwa sababu unaweza kuendelea kuwaka wakati hewa imeshakuwa ya kudhuru. Mijusi na ndege waliokufa shimoni, hao waamini. Na mtu akianguka humo, anayefuata kufa ni yule anayeruka kumtoa. Avutwe kwa kamba kutoka juu, au asubiriwe mwenye chupa ya hewa.

Saa moja na nusu. Milango, pamoja na apariteri, msimamizi wa utaratibu wa chuo. Madirisha mengi yana vyuma vya kuzuia wezi, hivyo mlango ndio njia pekee ya kutoka. Tunadai mambo mawili: mlango wa ukumbi ufunguke kuelekea nje, na angalau dirisha moja liwe na vyuma vinavyofunguka kwa ndani bila ufunguo. Benchi zilizorundikwa koridoni zinaondolewa hapohapo.

Mazungumzo ya funguo karibu kila mara ni haya:

"Papa, ufunguo wa depo iko wapi?"

"Iko kwa shefu, Mama. Ameenda nayo mjini."

Ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mmoja si ufunguo wa dharura. Wa pili ukae kwa sentineli (mlinzi), kwenye kisanduku chenye kioo cha kuvunja.

Saa tatu. Mitungi ya kuzima moto. Ule wa unga, kilo 6, unakaguliwa kwa kuangalia mshale uwe kwenye kijani, pini na lakiri viwepo, na mpira usiwe umeziba. Buibui hupenda sana kujenga humo. Halafu unapinduliwa na kugongwa taratibu kitakoni, kwa sababu unga uliokaa muda mrefu hushikamana. Mtungi huu huisha kwa kama robo dakika, basi lenga shina la moto, si ndimi zake.

Ule wa hewa ya ukaa hauna mshale. Njia pekee ni mizani: uzito umeandikwa shingoni, na wa kilo 5 ukipungua nusu kilo unarudishwa kujazwa. Usishike koni yake wakati inatoka, baridi yake inaunguza ngozi. Na kumbuka hiyo ni hewa ileile ya mazuku: ukiipuliza katika chumba kidogo cha kompyuta, toka na ufunge mlango.

Saa nne na nusu. Labo. Asidi ya nitriki haikai kabati moja na alkoholi au asetoni. Asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Haya wanayajua wote. Tatizo kubwa ni macho. Jicho lililorukiwa na asidi huoshwa dakika 15 mfululizo, kwa lita moja na nusu hivi kila dakika. Jumla ni zaidi ya lita 22, na bomba la Goma halina ahadi. Bidoni (dumu) moja ya lita 20 haitoshi. Ziwe mbili, zenye robineti (koki), juu ya meza, na maji yabadilishwe kila wiki.

Saa saba. Umeme umekatika, jenereta inaunguruma. Bomba la moshi lielekee mbali na madirisha, mita 6 au zaidi. Hewa yake yenye sumu nayo haina harufu, lakini huchanganyika na hewa yote ya chumba, kwa hiyo kupanda juu wala kulala chini hakusaidii. Ni kutoka nje tu. Injini ya petroli izimwe na ipoe kabla ya kujaza. Pasiwe na waya wa kuchomeka jenereta moja kwa moja kwenye soketi: umeme hurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayedhani laini imekufa.

Saa tisa. Zoezi la dharura, na hapa ndipo tunapobishana zaidi na wakubwa. Wao wanataka kengele moja kwa kila kitu. Lakini kwenye moto unainama chini ya moshi na kutoka. Kwenye mazuku unapanda juu, hakuna kuinama. Tetemeko likipiga unakaa chini ya meza, umeshika mguu wake, hadi litulie. Risasi zikisikika unabaki ndani, umelala, kuta mbili kati yako na barabara. Kengele moja itawatoa watu nje wakati wa risasi.

Basi rimu ya gari iliyotundikwa uani, isiyohitaji umeme, hugongwa mfululizo kwa ajili ya moto tu. Filimbi fupifupi ni kuingia ndani. Yaliyobaki husemwa kwa megafoni, kwa Kiswahili na Kifaransa.

Mahali pa kukusanyika pasiwe karibu na ukuta wa mawe. Acha umbali wa kimo chake mara moja na nusu. CP (kiongozi wa wanafunzi) wa kila promosheni, yaani kila mwaka wa masomo, anahesabu wanafunzi, apariteri wafanyakazi. Wanaosahaulika ni wale wasiomo kwenye orodha ya mishahara: mama wa usafi wa kibarua, waashi, muuza krediti wa getini.

Saa kumi na nusu. Rangi ya tahadhari ya volkano ya Nyiragongo kwenye ubao: kijani, njano, chungwa au nyekundu. Rangi si bima. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilitoka jioni bila tangazo la mapema, na tarehe 27 wakazi wa kata 10 kati ya 18 wakaamriwa kuhama. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Kwa hiyo kila idara ina mkoba mmoja (diski ya alama za wanafunzi, mihuri, orodha ya simu kwenye karatasi kwa sababu mitandao hulemewa) na jina la wa kuubeba, na la msaidizi wake. Njia ni mbili, Sake upande wa magharibi au mpaka wa Gisenyi, Rwanda. Itakayotumika huamuliwa na upande lava inakoelekea.

Saa kumi na moja na nusu. Sentineli wa usiku anapokea funguo za akiba, tochi yenye betri mpya na daftari, anasaini, na anaonyeshwa mtungi gani umeondolewa kwenda kujazwa na ni ukuta upi ambao usiku huu hauna kitu.