Siku moja maishani mwangu: napima dawa kabla haijamfikia mtu

Mtaani wakisikia uko maabara wanajua unapima malaria na mkojo, basi. Mimi napima dawa ambazo hazijaingia sokoni, na sasa hivi niko na safaktanti, kitu cha jamii ya sabuni, mwenye nayo anataka iwe ya kusukutulia kinywa na pia jeli ya ukeni kuua fangasi na bakteria.

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, daladala ya Igoma imejaa, saa moja na nusu nishavaa koti na glavu. Kwanza inkubeta, kabati la joto la kukuzia vijidudu: nyuzi 37, umeme haukukatika usiku, Mungu mkubwa. Saa tatu naandaa vijidudu kwenye maji ya chumvi, weupe wa maji hayo unalinganisha na kipimo cha 0.5 McFarland, kichupa cha kulinganishia, hapo ni kama bakteria milioni 150 kwa mililita moja.

Saa nne nachanganya na dawa, stopwochi inaanza. Dakika 1, 5, 15, 30, kila muda ukifika unachota kidogo unatia kwenye kimiminika cha kuzima makali ya dawa, ukichelewa inaendelea kuua na majibu yanakudanganya. Hapo hapo ndo mwenye dawa akaja. Anagonga kioo, namwonyesha saa, anagonga tena, mwenzangu akamtoa akakae benchi, akarudi, anapiga simu, nami siwezi hata kugeuza shingo. Nilipotoka ananiambia, "Dada yangu, usiku napanda meli ya Bukoba, si umeona inaua? Niandikie tu inaua asilimia 99 niondoke."

Kaka, kuua siyo kazi, hata jiki inaua! Safaktanti inavunja utando wa mafuta wa kijidudu, na seli za mwili wako zina utando wa mafuta vilevile. Mdomoni mtu anasukutua anatema, ukeni inakaa masaa. Alafu mule kuna laktobasila, bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, wanashikilia pH, kipimo cha uchachu, isipande juu ya 4.5, ukiwamaliza hao umewafungulia wabaya. Nikamwambia habari za nonoksinoli-9, nayo safaktanti, maabara ilikuwa inaua VVU vizuri kabisa, ilipojaribiwa kwa wanawake nchi kadhaa ikiwemo Benin na Afrika Kusini, majibu ya 2000 yakaonyesha waliopewa jeli hiyo waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa jeli isiyo na dawa, hasa waliotumia mara nyingi, maana ilikuwa inachubua. Akanuna, anasema namchelewesha biashara.

Mimi nawafikiria wanawake wa hapa hapa Mwanza, wa baa, wa gesti, mama ntilie, waliojitolea kwenye utafiti wa jeli ya PRO 2000 mpaka majibu yalipotoka 2009 kwamba haizuii VVU. Hao walitoa miili yao tujue ukweli, sasa mimi nisaini karatasi kwa sababu ya meli?

Chakula nimekula saa tisa ugali umeshapoa. Baada ya hapo ni kuzimua, kumwaga kwenye sahani za kukuzia vijidudu, kuandika lebo, kuzimua tena, mgongo unauma, macho yanawaka, giza limeingia bado nahesabu koloni za jana, vidoa vya vijidudu vilivyoota. Kandida, wale fangasi wa ukeni, zimekufa karibu zote, naona fahari kweli maana kipimo kimekaa sawa. Laktobasila ndo zimeingia kwenye jagi lisilo na oksijeni, zinahitaji siku mbili, kwa hiyo jamaa amepanda meli bila karatasi, na zikikutwa zimekufa nitaandika zimekufa.