Vile tulifanya maoni yetu yasikike kuhusu kamba za juu ya miti kwenye bustani ya jiji

Naandika hii kwa sababu watu wananiuliza sana, ofisi ikileta karatasi ya maoni mwananchi afanye nini, ajaze tu arudi nyumbani ama? Huku kwetu kulitoka notisi kwamba kuna mwekezaji anataka kujenga mchezo wa kamba juu ya miti ndani ya bustani ya jiji, yaani unavaa mkanda wa usalama na helmeti, unapanda ngazi, unatembea kwenye madaraja ya kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine, halafu mwisho unateleza kwa waya mpaka chini. Waliofika msitu wa Mabira hapa Uganda, upande wa Griffin Falls, wanajua huko kuteleza kulivyo na raha, na mi mwenyewe napenda sana. Lakini Mabira ni msitu wa hekta kama 30,000 hivi, bustani yetu unaizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, na ndo kivuli pekee cha bure kilichobaki hapa katikati ya town.

Sasa karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza tupu, inauliza unakubali au hukubali, basi. Hapo ndo niliona tukijaza vile wanataka watahesabu tiki na mambo yameisha. Kitu cha kwanza tulichofanya na vijana wawili wa mtaa ni kuomba ramani na maelezo ya mradi. Watu wengi hawajui kwamba Uganda tuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, raia yeyote anaruhusiwa kuomba nyaraka za serikali na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, tukaitaja hiyo sheria, tukaenda na kopi mbili, moja wakabaki nayo na nyingine wakatugongea mhuri wa kupokelewa. Tafadhali usitoke ofisini bila huo mhuri! Bila mhuri wataambia watu hamjawahi kuleta barua.

Ramani ilipotoka ndo tukaona mambo. Jukwaa la kwanza limewekwa kwenye ule mvule mkubwa wa karibu na geti, na mahali pa kutua pale kwenye majani ambapo watu hukaa.

Tukaichukua ile ramani tukaenda nayo bustanini saa tofauti tofauti, maana watu wa asubuhi si watu wa jioni. Asubuhi unakuta wazee wa mazoezi, mchana wanafunzi wanasoma na watu wa boda wamejinyoosha wanapumzika, Jumamosi maharusi na wapiga picha wao. Hatukuuliza mtu kama anakubali. Tuliuliza wewe hukaa wapi, saa ngapi, na hii kitu ikija hapa utaenda wapi. Majibu yakawa mengine kabisa. Mama mmoja anayeuza karanga chini ya mvule nikamwambia, habari mama, tunaomba maoni yako, akaangalia ramani vizuri akaniambia, "Mwanangu, mimi na kamba hatuna ugomvi, watoto wacheze. Lakini huu mti ndo duka langu, sasa wakizungushia seng'enge mimi nitauzia wapi?" Tukaandika hivohivo kwa maneno yake, na saa anazofika na saa anazoondoka.

Na mzee mmoja akanyoosha mkono juu akatuonyesha viota vya kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, kwenye huohuo mvule, matawi ya chini yote yamekuwa meupe kwa mavi yao. Akauliza, hao wenye mradi walikuja hapa wakaangalia juu kweli? Swali zuri sana hilo, tukaliweka la kwanza.

Kitu kilichotusaidia zaidi ni afisa wa misitu mstaafu aliyekubali kuzunguka na sisi. Aliweka mkono kwenye gamba la mti akatueleza kwamba mti hunenepa kila mwaka kwenda nje, na chakula kinachotoka kwenye majani hushuka kupitia hapo chini ya gamba tu, kwa hiyo waya ukifungwa kuzunguka shina na usilegezwe unaukaba mti taratibu mpaka unakufa. Jukwaa zuri linakaa juu ya vipande vya mbao ili waya usiguse gamba, na mtu anayejua miti anatakiwa kuja kila mwaka kukagua na kulegeza. Tena mizizi mingi iko juujuu tu, watu wakikanyaga hapo kila siku udongo unashindiliwa, maji na hewa haviingii. Karatasi za mradi zilisema tu watafuata viwango vya kimataifa. Tukauliza kiwango gani, kwa sababu Ulaya michezo hii ina kiwango chake, EN 15567, sehemu ya kwanza ni ujenzi na ya pili ni uendeshaji, waseme basi kama ni hicho.

Maoni tukayaandika kwa Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza chini yake, kila moja lina mti wake, saa yake na kitu tunachoomba. Kuna karani alisita kupokea Kiswahili, tukamkumbusha kwa heshima kwamba Katiba imekitaja kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, akapokea. Kopi nyingine tukapeleka NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya 2019 inataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini ya mazingira.

Siku ya kikao cha kujadili mradi hatukupiga kelele. Mama wa karanga alisimama akaongea mwenyewe, ukumbi wote ukanyamaza, na injinia wa mwekezaji, namshukuru kwa hilo, akajibu vizuri akasema wanaweza kutumia nguzo badala ya miti. Ramani mpya ilipotoka mvule umeachwa peke yake na viota vyake, mchezo umesogezwa upande wa nyuma kwa zile nguzo za mbao, na pale pa kukaa watu pamebaki wazi. Kiwango cha usalama pia wamekitaja kwa jina.

Kilichobaki ni bei. Waliyoiweka mtoto wa shule ya serikali hawezi kuigusa, na ardhi ni ya umma, kwa hiyo tumeomba wawatengee masaa ya bure kila wiki. Barua imeshagongwa mhuri, tunasubiri jibu, na wasipojibu tutarudi na watoto wenyewe na walimu wao.